Faili Inatumika

Saa tano na robo usiku, ofisi ya maji, Langoni.
Kiyoyozi kimekufa tangu Jumanne.
Nina mashine mbili na ugomvi mmoja:
amri ileile, herufi kwa herufi,
"futa daftari la zamani la mita",
moja yasema hapana, moja yasema ndiyo,
na sijui ipi inanidanganya.

Hii ya Windows, hapa mezani, ni kaidi.
Haifuti kitu kilicho mkononi mwa mtu.
"Faili inatumika," yasema, wala hainitajii na nani,
kama karani aliyeufungia muhuri kabatini
akaenda kuswali.
Nimezima, nimewasha. Nimebembeleza. Nimetukana.
Jaribio la saba limefeli palepale, mstari wa 212.

Ile ya Linux, seva ya chumba cha nyuma,
haina ubishi. Futa? Imefuta.
Hata kikohozi hakuna.
Nikatazama orodha: faili haimo.
Nikatazama diski: imejaa asilimia tisini na nane,
kama jana, kama juzi,
kama tumbo la mtu anayekuapia kuwa amefunga.

Nikakaa chini nikawaza.
Faili ni vitu viwili, nami miaka yote nimeviita kimoja:
kuna jina, na kuna mwili.
Seva hufuta jina. Hung'oa kibao ukutani,
barua hazitafika tena, mgeni hataelekezwa,
lakini aliyekwisha kuingia yumo,
amekalia mkeka, anasoma,
na nyumba haibomolewi hadi atoke kwa miguu yake.
Windows haimfanyii mtu hivyo.
Yumo? Basi kibao kitabaki.
Ni adabu mbili tu, hakuna iliyo mbovu.
Mbovu mimi, niliyeandika programu
nikidhani kufuta ni neno moja dunia nzima.

Nikaomba majina ya walioshika.
Ikashuka safu ya faili zisizo na pa kutafutwa,
kila moja na "imefutwa" ubavuni,
na mkono mmoja umezikamata zote:
mchakato 2217, ripoti ya Shekuwe,
aliyoifungua mwezi wa Shaabani,
na leo tuko Mfungo Tatu.

Nikampigia. Usingizi umemjaa kooni.
"Niliifungua nitazame jambo," asema.
"Jambo gani?"
Akanyamaza. "Nimelisahau."
Tukaifunga. Tisini na nane, sitini na mbili,
arobaini na moja.
Feni ya seva ikapunguza sauti
nami nikasikia punda akilia nje, kumbe muda wote alikuwa akilia.

Marekebisho yenyewe ni mistari mitatu:
funga kwanza, ndipo ufute;
ukikataliwa, ngoja kidogo, urudie;
ukikataliwa tena, sema ni nani aliyeshika.
Siku nne za maisha yangu.
Jaribio la nane limepita, kwa mkaidi na kwa mpole.

Imebaki akaunti moja sijaigusa.
Nambari 0619, Shee Kupi, Mkomani.
Barua ya chifu imo kwenye trei, na cheti cha kifo,
na agizo la meneja: ondoa.
Mjane wake, Somoe, yuko edani, hatoki,
asubuhi alimtuma mpwa wake, kijana wa sare ya shule,
aliyeukariri ujumbe akiwa ameangalia viatu vyake:
"Msimfute. Mai yangali yakiya kwa ina lake."

Nikafungua mita. Lita mia na kumi kwa siku,
nyingi zaidi alfajiri.
Kuna mtu anatawadha kwa jina hilo,
anaosha sufuria, anamwagia maji mche wa asumini.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa.
Pembeni mwa nambari nikamwandikia atakayesoma baada yangu:
inatumika. Ngoja, urudie.

Kisha nikatafuta funguo za ofisi robo saa nzima,
mfukoni, mkobani, chini ya karatasi.
Zilikuwa mlangoni, upande wa nje,
zimening'inia tangu nilipoingia.